Mchanga Mweusi na Mioyo ya Mulago

Mwaka 1948 jarida la East African Medical Journal lilichapisha makala ya J. N. P. Davies, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Davies alikuwa akikuta, katika moyo mmoja baada ya mwingine, kitu ambacho vitabu vya Ulaya havikumwandalia. Ukuta wa ndani wa moyo wenye afya ni mwororo na mwembamba, kiasi kwamba wekundu wa nyama huonekana chini yake. Katika mioyo ile ukuta ulikuwa umefunikwa na utando mweupe, mgumu, wenye unene wa milimita kadhaa, ulioanzia kwenye ncha ya chini na kupanda kuelekea kwenye vali. Njiani uliziganda nyuzi za vali na kukifinya chumba cha moyo hadi damu ikakosa pa kukaa. Msuli wenyewe uliweza bado kusukuma. Ulichoshindwa ni kutanuka ili upokee damu. Ndiyo maana mgonjwa, mara nyingi mtoto au kijana, aliletwa akiwa na tumbo lililojaa maji huku miguu yake ikiwa myembamba. Jambo hilo liliwatatiza madaktari, kwa kuwa moyo unaoshindwa kwa sababu za kawaida huanza kujaza maji miguuni. Maradhi hayo leo huitwa endomyocardial fibrosis, kwa kifupi EMF, na dawa ya kuuondoa utando ule haijapatikana hadi sasa. Kilichopo ni kisu cha mpasuaji, kwa wachache wanaoweza kukifikia.

Swali la chanzo chake lilikaa Mulago zaidi ya nusu karne, likapata washukiwa wengi. Kuna waliolaumu minyoo, kwa sababu baadhi ya wagonjwa walikuwa na wingi wa eosinofili, zile chembe nyeupe za damu ambazo mwili huzizalisha unapopambana na vimelea. A. G. Shaper, aliyefanya kazi Kampala, aliona kuwa waliougua zaidi walikuwa wahamiaji kutoka Rwanda na Burundi, na jicho lake likaelekea kwenye malaria. Ndizi nazo zilipandishwa kizimbani, kwa kuwa zina serotonini, kemikali ambayo ikizidi katika damu huweza kuharibu moyo. Lakini Waganda, walaji wakubwa wa matoke, waliugua kidogo kuliko wahamiaji, na hilo peke yake lingetosha kuifuta kesi. Baadaye ikaja zamu ya mihogo. Charles Sezi aliwalisha tumbili chakula cha mihogo kisicho na protini ya kutosha, akaichunguza mioyo yao na kuchapisha matokeo mwaka 1996. Mshukiwa wa ajabu kuliko wote, hata hivyo, aliletwa na Wahindi kutoka ng'ambo ya bahari: metali iitwayo seriamu, mojawapo ya yale madini 17 yanayoitwa adimu. Madai yao yalikuwa kwamba metali hiyo hutoka ardhini, huingia katika chakula, hujikusanya moyoni na kuufanya moyo ujifunike kovu. Wengi leo huitaja nadharia hiyo kama kosa lililokwisha kusahihishwa. Ninavyoiona mimi, hukumu hiyo ni sahihi nusu tu: nadharia ya seriamu ilishindwa kueleza mioyo ya Mulago, lakini kuhusu kile ambacho madini haya hufanya yakikwama ndani ya mwili ilikuwa mbele ya wakati wake.

Ili kuelewa kwa nini wazo hilo lilizaliwa kusini mwa India na si kwingineko, inabidi kwanza kuifuata biashara ya taa. Mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, aligundua kwamba kitambaa kilicholowekwa katika chumvi za madini fulani, kikishaungua, huacha kiunzi cha majivu kinachotoa mwanga mweupe mkali kikipashwa moto. Mchanganyiko uliomtajirisha, wa mwaka 1891, ulikuwa asilimia 99 thoriamu na asilimia moja seriamu. Ni kitambaa kile kile kidogo kilichokuja kuning'inia ndani ya karabai katika maduka na harusi za pwani yetu. Thoriamu ilipatikana ndani ya monazaiti, punje za rangi ya hudhurungi zilizochanganyika na mchanga mweusi wa fukwe chache duniani, na kwa muda mrefu Wajerumani waliishika biashara ya mchanga huo kutoka Brazili. Mwaka 1909 Mjerumani mmoja, C. W. Schomberg, alizifuatilia chembe za monazaiti zilizonaswa katika makumbi ya minazi yaliyoletwa Ulaya, zikamfikisha kwenye fukwe za Travancore, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika jimbo la Kerala. Huko mchanga ulikuwa na monazaiti nyingi kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Katika biashara yote hiyo seriamu ilikuwa makapi, hadi Auer alipoichanganya na chuma na kupata kijiwe kinachotoa cheche ndani ya kiberiti cha petroli au cha gesi. Uadimu wake ni wa jina tu, kwani katika miamba ya dunia imezidi risasi na inakaribiana na shaba.

Kabla hajatokea mtu wa kuishuku, seriamu ilikuwa dawa. Mwaka 1854 James Young Simpson wa Edinburgh, yule yule aliyeingiza klorofomu katika uzazi, alianza kuwapa chumvi zake wajawazito waliosumbuliwa na kutapika, na dawa hiyo ikadumu katika maduka ya dawa hadi karne iliyofuata. Walioimeza hawakuripotiwa kufa kwa moyo, na sababu ilijulikana karibu karne moja baadaye. Wakati wa mradi wa bomu la atomiki, Wamarekani walitaka kujua vipande vinavyobaki baada ya urani kupasuka, seriamu na jamaa zake zikiwa miongoni, vingefanya nini vikiingia mwilini. Joseph Hamilton na wenzake huko Berkeley waliwapa panya madini hayo yakiwa na mionzi ili waweze kuyafuatilia. Panya waliolishwa kwa mdomo waliyatoa karibu yote kwenye kinyesi, na kilichopenya ukuta wa utumbo kilikuwa kidogo mno. Waliodungwa hali yao ilikuwa tofauti kabisa: metali ilikimbilia ini na mifupa, ikakaa. Patricia Durbin na kundi hilo hilo walionyesha mwaka 1956 kwamba kuna mpangilio ndani yake, yaani zile nyepesi kama seriamu hupendelea ini, na kadiri uzito unavyoongezeka ndivyo sehemu kubwa zaidi inavyokwenda mifupani. Ini huzitoa polepole. Mfupa huzitoa kwa shida sana. Sababu ya kukwama huko ni kwamba chembe za madini haya zinalingana kwa ukubwa na zile za kalisiamu lakini zina chaji kubwa zaidi, kwa hiyo hushika mahali pa kalisiamu na kung'ang'ania fosfeti kuliko kalisiamu yenyewe. Mwili wa mnyama umejengwa kwa kalisiamu na fosfeti, na hauna njia maalumu ya kumfukuza mgeni wa namna hii.

Maarifa hayo yalibaki katika maktaba za watu wa mionzi. Madaktari wa moyo walikuwa chumba kingine. Katika miaka ya 1980, M. S. Valiathan, mpasuaji wa moyo aliyeongoza taasisi ya Sree Chitra Tirunal jijini Thiruvananthapuram, alikuwa akiukwangua utando ule mweupe kutoka kwenye mioyo ya watu wa Kerala. EMF ilikuwa nyingi huko kuliko popote India, na Kerala ndiko kwenye mchanga wa monazaiti. Valiathan, C. C. Kartha na wenzao walipopima nyama ya mioyo hiyo waliikuta na seriamu na thoriamu nyingi kuliko mioyo ya kulinganishia, na magnesiamu pungufu. Mwaka 1989 wakatoa hoja yao kamili, kwamba maradhi haya yana chimbuko ardhini: udongo wenye monazaiti, viazi na mihogo inayovuta seriamu kutoka humo, na mtoto mwenye lishe duni ambaye upungufu wake wa magnesiamu unamwacha bila kinga. Uzuri wa nadharia hii ni kwamba iliweza kupimwa, na waliipima. Seli za moyo zinazotengeneza nyuzi za kovu zilichangamka zilipowekewa seriamu kidogo. Panya walionyimwa magnesiamu na kupewa seriamu katika maji ya kunywa walipata madhara ya moyo yaliyozidi ya wale waliopata kasoro moja tu kati ya hizo mbili. Ni watafiti wachache wa EMF waliofikia hatua hiyo. Minyoo na malaria zilibaki kuwa dhana za kulinganisha orodha za wagonjwa. Seriamu ilikuwa na mnyama mezani.

Uganda ilivutwa ndani ya kesi kwa sababu ndiko maradhi yalikoandikwa kwanza kwa kina. Haina fukwe za monazaiti, lakini ina udongo mwekundu uliooza kwa maelfu ya miaka chini ya mvua, na udongo wa aina hiyo huoshwa magnesiamu huku seriamu ikibaki. Katika miaka ya 1990 wanajiolojia wa Uingereza walikwenda kupima udongo, maji na vyakula vya maeneo ya wagonjwa. Suala moja lililojitokeza ni la ulaji wa udongo wenyewe. Tunauita kwa majina mengi, pemba kwa wengi wa Tanzania, mumbwa kwa Waganda wanaouchanganya na majani ya dawa, na mlaji mzuri huweza kumeza kwa siku kiasi kinachopita vumbi lote ambalo mtu mwingine angelimeza kwa wiki nyingi. Mihogo huvuta seriamu kidogo sana kupitia mizizi. Kijiko cha udongo huileta yote kwa mkupuo. Hapo pia ndipo kishawishi kikubwa kilipo kwa mwandishi wa historia. Gakara, karibu na Bujumbura, ina mojawapo ya miamba yenye madini adimu mengi zaidi barani, na Wabelgiji walianza kuichimba mwaka 1948, mwaka ule ule wa makala ya Davies. Na wagonjwa wa Mulago wengi walitoka Burundi na Rwanda. Hadithi inajiandika yenyewe. Lakini mlima mmoja wa Burundi hauwezi kumlisha kibarua anayelima pamba na kahawa ya wenyewe Buganda, mamia ya kilomita kutoka hapo, na wahamiaji wa Rwanda hawakuwahi kuukaribia. Kulingana kwa mwaka na kwa asili hakuthibitishi kitu.

Mapingamizi dhidi ya nadharia ni mazito, na la kwanza ni lile la panya wa Berkeley: utumbo haupitishi. Ushahidi wa wazi zaidi ulikuja bila mtu kuukusudia. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha kaboneti ya lanthanamu, ndugu wa karibu kabisa wa seriamu, iwe dawa ya kumeza kwa wagonjwa wa figo, ili inase fosfeti ya chakula tumboni. Wagonjwa hao humeza gramu nzima au zaidi kila siku kwa miaka, na kinachoingia katika damu ni sehemu ndogo sana ya asilimia moja. Hawakupata utando mweupe moyoni. Mtetezi wa nadharia anaweza kujibu kwamba wao si watoto wenye utapiamlo na minyoo, ambao ukuta wa utumbo wao umetobokatoboka. Jibu hilo lina maana, ila linahamisha lawama kutoka kwenye metali kwenda kwenye hali ya mtoto. Pingamizi la pili linauma zaidi. Metali kukutwa ndani ya kovu si ushahidi kwamba ilileta kovu. Utando wa EMF ukizeeka mara nyingi huota chokaa, yaani kalisiamu na fosfeti, na tumekwisha kuona kwamba seriamu huifuata kalisiamu popote inapoganda. Moyo ulioharibika kwa sababu nyingine yoyote ungeweza kuinasa seriamu ya kawaida inayopita katika damu ya kila mtu. Kipimo cha Valiathan, kwa usahihi wake wote, hakiwezi kutofautisha kati ya mambo hayo mawili.

La tatu ndilo lililomaliza kesi. Kuanzia miaka ya 1980 wagonjwa wapya wa EMF walipungua Kerala, na kufikia mwanzo wa karne hii madaktari wa huko waliyaandika kama maradhi yanayotoweka. Mchanga haukuondoka. Monazaiti iko Chavara, kwenye fukwe za Kerala, hadi leo, inachimbwa, na watu wanaishi juu yake. Kilichobadilika ni chakula, vyoo, chanjo, shule, fedha zilizotumwa na vijana waliokwenda kufanya kazi Ghuba. Utafiti uliochapishwa Uganda mwaka 1999 na M. Rutakingirwa na wenzake ulielekea huko huko, ukataja umaskini na wingi wa eosinofili kuwa ndivyo vinavyoambatana na maradhi. Na pale umaskini ulipobaki, maradhi yalibaki pia: mwaka 2008 Ana Mocumbi na wenzake walichapisha uchunguzi wa wakazi wa Inharrime, kwenye pwani ya Msumbiji. Waliwapima watu 1,063 kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na karibu mmoja kati ya kila watano alikuwa na dalili za EMF, wengi wao bila kujijua. Umaskini si metali na hauwezi kupimwa kwa mizani ya maabara, jambo linalowakera watu wa maabara. Hata hivyo, metali iliyobaki pale pale haiwezi kueleza maradhi yaliyoondoka.

Wengi husimama hapo na kulifunga jalada. Lakini miaka ile ile nadharia ilipokuwa ikizikwa, jaribio kubwa lilikuwa likifanyika kwa binadamu pasipo mtu kulipanga. Tangu 1988 hospitali za nchi tajiri zilikuwa zikiwadunga wagonjwa gadoliniamu, jamaa mwingine wa familia hiyo, ili picha za MRI zionekane vizuri. Metali ilifungwa ndani ya molekuli iliyotakiwa kuisindikiza hadi kwenye mkojo ikiwa haijafunguka. Kwa mwenye figo nzima safari hiyo huchukua saa chache. Kwa mgonjwa ambaye figo zake zimekufa, dawa huzunguka siku nyingi, fungo hulegea, na gadoliniamu hukutana na fosfeti. Mwaka 1997, California, ngozi za baadhi ya wagonjwa wa figo zilianza kukakamaa kama ubao, viungo vikakataa kukunjika. Shawn Cowper na wenzake waliuandika ugonjwa huo mwaka 2000 bila kujua chanzo. Mwaka 2006 daktari wa figo wa Austria, Thomas Grobner, aliona kwamba wagonjwa wake wote wa aina hiyo walikuwa wamedungwa gadoliniamu. Metali ikapatikana ndani ya ngozi zao, na walipofunguliwa baadhi ya maiti kovu lilikutwa pia katika mapafu, misuli na moyo. Mwaka 2007 Marekani ikaweka onyo kali kwenye dawa hizo. Hospitali zilipoacha kuwapa wagonjwa hao aina zinazofunguka kirahisi, wagonjwa wapya wakakaribia kuisha kabisa. Huku metali iliondolewa na maradhi yakaondoka. Kerala metali ilibaki na maradhi yakaondoka. Kwa kuziweka kesi hizi mbili pamoja ndipo hukumu ya haki inapowezekana: Kartha na wenzake walikuwa wameona sawasawa kwamba madini haya huamsha seli zinazotengeneza kovu. Walichokosa ni mlango wa kuyaingiza mwilini kwa wingi wa kutosha, na sindano ikaja kuwa mlango huo.

Kuna atakayesema kwamba kilichodungwa hakilinganishwi na kilicholiwa au kuvutwa, kwa hiyo gadoliniamu haina la kutuambia kuhusu udongo. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo ndiyo hoja yangu yenyewe. Nusu ya pili haifuati. Mapafu ni mlango pia, na ushahidi wake ni wa zamani kuliko MRI. Waonyesha sinema na mafundi wa uchapaji picha, waliofanya kazi miaka mingi karibu na taa za kaboni zilizochanganywa madini adimu, walipata mapafu yenye vumbi la seriamu, na baadhi yao makovu. Wengine, wakitaka kuonyesha kwamba kilicholiwa hakidhuru, hutaja nguruwe na kuku wa China, ambao kwa miongo kadhaa wamelishwa chumvi za madini haya ili wanenepe, na wakanenepa. Lakini nguruwe huchinjwa akiwa na miezi michache. Mfupa wa kibarua una miaka arobaini ya kukusanya. Ushahidi wa gadoliniamu haukukoma kwa wagonjwa wa figo. Mwaka 2014 Tomonori Kanda na wenzake, Japani, waliona alama zake katika bongo za watu waliodungwa mara nyingi huku figo zao zikiwa nzima, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikapendekeza kusimamishwa kwa sehemu kubwa ya dawa za aina ile dhaifu. Watu hao hawakuonekana kuugua kwa sababu hiyo. Kubaki na kudhuru ni mambo mawili, na historia hii yote inaharibika kila mara yanapochukuliwa kuwa moja, iwe kwa kutisha au kwa kutuliza.

Tofauti hiyo ya milango ndiyo inayoleta uzito mpya Afrika Mashariki, ambako sasa madini adimu yanatafutwa kwa bidii kuliko wakati wa karabai: Ngualla huko Songwe, Mrima katika Kwale, na Makuutu huko Busoga, mashariki mwa Kampala. Ngualla na Mrima ni miamba ya zamani ya volkeno, na hatari yake kuu kwa miili ya karibu ni vumbi na thoriamu. Makuutu ni jambo jingine. Huko madini hayajafungwa ndani ya punje ngumu kama monazaiti, ambayo hata asidi ya tumbo haiiwezi. Sehemu kubwa imeshikamana juu ya chembe za udongo wa mfinyanzi kwa mvuto mwepesi tu, na hubanduka ukiumwagia maji ya chumvi. Udongo wa namna hiyo ulianza kuchimbwa Jiangxi, kusini mwa China, kwa kutumia chumvi kama salfeti ya amonia, na urahisi huo ndio unaofanya uchimbaji wake ulipe hata pale kiwango cha madini ni kidogo. Ni urahisi huo huo unaozifanya hesabu zilizopigwa kwa udongo wa monazaiti wa Kerala zisifae kuhamishiwa Busoga zilivyo. Kipimo kinachofaa hakihitaji mioyo ya watoto. Mbuzi na ng'ombe wa Busoga hunywa maji ya mabondeni na kulamba ardhi, na huchinjwa kila wiki. Ini la mbuzi na kipande cha mfupa wake, kikipimwa kabla bwawa la kwanza la chumvi halijachimbwa na tena miaka kumi baadaye, kitasema kama metali imepita utumboni au la, jambo ambalo Valiathan hakuweza kulijua kwa kuwa hakuwa na moyo hata mmoja wa Kerala uliopimwa kabla ya ugonjwa.